Siku na Mahali: Bi. Nelius Wawira Anatuaga

Bi. Nelius Wawira anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Agosti 2024, baada ya kukitumikia Kituo cha Upatanishi cha Mlimani kwa miaka thelathini na mitatu na miezi kadhaa. Alianza Jumatatu, tarehe 4 Februari 1991, akiwa mpiga chapa katika ofisi yetu ya Embu. Siku na mahali navitaja makusudi. Atakayesoma mpaka mwisho atajua kwa nini, na atajua pia kwa nini aliyeshika kalamu ni mimi, Kithaka Gichovi wa ofisi ya Meru, mtu ambaye wengi wenu hamkumtarajia.

Upatanishi aliuanza bila cheti. Mwaka 1994 walikuja washonaji wawili wa sare za shule, mtu na wifi yake, waliokuwa wakishirikiana duka moja mjini Embu na sasa hawaelewani. Katibu alikuwa ametoka, kwa hiyo Bi. Wawira akaambiwa aandike maelezo yao. Kila mmoja akaanza kumimina yake. Bi. Wawira akaondoa mikono kwenye taipureta, akawaambia hatachapa sentensi yoyote ambayo mmoja wao anaikataa. Sentensi ya kwanza iliwachukua saa nzima, ya pili nusu saa. Katibu aliporudi, karatasi ilikuwa na sentensi nne, taipureta imeshafunikwa, na wale mawifi walikuwa wakibishana upya, safari hii kuhusu nani atamnunulia Bi. Wawira chai. Mwaka uliofuata alipelekwa mafunzoni.

Tangu hapo amewasikiliza waajiri na vibarua wao, washirika wa biashara waliochokana, na wenye hosteli za Nchiru pamoja na mafundi waliowaachia kazi katikati. Utaratibu wake mnaujua. Kabla hujataja kosa la mwenzako, utataja jema moja alilokufanyia, tena useme siku na mahali. Kusema tu kwamba ni mtu mzuri hakukubaliki. Mwenye hoteli mmoja alisema mpishi wake ni mchapakazi, Bi. Wawira akamuuliza lini, na wapi. Bwana yule alikuna kichwa, akatoka nje, akampigia mkewe simu amkumbushe. Tulicheka mpaka machozi, lakini alirudi na tarehe, na kesi ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

Kasoro zake pia tuziseme, maana wasifu usio na kasoro hausomeki. Bi. Wawira hajawahi kuingia kikaoni na kalamu yake mwenyewe, wala kutoka bila kalamu ya mtu mwingine. Kalamu zote za kituo hiki zimewahi kulala nyumbani kwake mtaa wa Majimbo, na nyingine zimehamia huko kabisa.

Sasa nije kwenye ukuta.

Mwaka 2012 tulifungua ofisi ya Meru. Bi. Wawira aliwekwa kuiongoza kwa muda, akisubiri bodi imthibitishe, nami nikapewa kazi ya kutayarisha vyumba. Kwa wasioijua kazi yetu, mpatanishi huhitaji vyumba viwili, ili aongee na kila upande faraghani, na anachoambiwa huku hakivuki kwenda kule bila ruhusa. Ukuta wa katikati niliuweka mimi, wa plaiwudi moja tu, kwa sababu siku ya ufunguzi ilikuwa imenikaba koo. Nikiwa chumba kimoja nilimsikia seremala akiimba wimbo wa kanisa katika chumba cha pili, beti zote, bila kukosa neno. Nikanyamaza.

Tarehe 17 Oktoba mwaka huo alikuja Bundi, mwenye bekari mjini Meru, na Riungu, mwokaji wake wa miaka kumi na minne, ambaye Bundi alikuwa amemfuta kazi kwa kumjibu vibaya. Bi. Wawira alimwacha Bundi chumba cha nje, akakaa na Riungu chumba cha ndani. Riungu akatoa lililokuwa moyoni. "Mimi miaka kumi na nne naoka mkate, na huyu mzee hajawahi niambia hata siku moja mkate imetoka poa. Sijui hata kama yeye huikula." Kabla Bi. Wawira hajafungua mdomo, sauti ya Bundi ikapenya ukutani. "Riungu! Si mimi hukula hiyo mkate yako kila asubuhi? Hata bibi yangu ashachoka kuniona nayo!"

Riungu alirudi kazini Jumatatu, na mpaka leo yuko. Lakini siri ya faragha ilikuwa imevuja, na sheria yetu haina mchezo. Bi. Wawira aliiandikia bodi mwenyewe, akakiri kwamba siri imevuja kikaoni kwake. Barua yangu ilikuwa imemtangulia. Niliandika kwamba mpatanishi ameacha siri ya kikao ivuje, na sikuandika nani aliujenga ukuta ule. Bodi ikamrudisha Embu. Cheo cha mkuu wa ofisi ya Meru nikapewa mimi, na bado ninacho.

Yeye hakumwambia mtu habari za ukuta. Kwa miaka kumi na miwili tuliandikiana kwa vikaratasi vilivyobanwa kwenye mafaili. Aliyetoka Embu kuja Meru alileta salamu zake kwa kila mtu, mlinzi akiwemo, ila si kwangu.

Mwezi wa saba mwaka huu nililetewa fomu ya maombi ya upatanishi. Mlalamikaji, Nelius Wawira. Mlalamikiwa, Kithaka Gichovi. Fomu hiyo nimeigonga mhuri mara nyingi sana, lakini sikuwahi kuisoma ikiwa na jina langu. Hakudai cheo wala fidia. Aliandika kwamba hataki kustaafu akimwacha kazini mtu wasiyesalimiana.

Tuliketi tarehe 11 Julai, Meru, chumba kile kile, mpatanishi akiwa Mukiri, ambaye Bi. Wawira ndiye aliyemfundisha. Nikaambiwa nitaje jema. Nikasema Bi. Wawira ni mtu mzuri, Mukiri akatikisa kichwa. Nikaomba muda niyaandike, na ndiyo haya mnayosoma. Ni kifungu cha pili cha mapatano yetu. Habari za ukuta niliziongeza mimi mwenyewe, na nakala imekwenda kwa bodi, waamue watakavyoona.

Zamu yake ilipofika, hakufikiri hata kidogo. Tarehe 6 Machi 2001, Runyenjes. Mama yake alikuwa amelazwa, nami nikamshikia kikao cha washirika wa kinu cha kahawa siku mbili mfululizo. Mapatano yalipotiwa sahihi, niliandika jina lake kuwa ndiye mpatanishi, langu nikaliacha. Nilikuwa nimesahau kabisa. Miaka yote hiyo mimi nilimkwepa kwa sababu ya barua moja, na yeye alikuwa amenitunzia siku ile ya Runyenjes. Nililia pale pale mbele ya Mukiri, na sioni haya kusema.

Nilikukosea, Bi. Wawira. Nisamehe.

Ukuta wa Meru sasa ni wa matofali. Nilimwomba Mukiri aimbe upande wa pili, nami nikatega sikio sana. Sikusikia kitu.

Tukutane sote Embu siku ya kumuaga, kila mmoja na jema lake, siku na mahali. Bi. Wawira, Mama Kinyua wetu, asante kwa kazi yako yote. Tunakuombea afya, kahawa yako izae, na majirani wa Majimbo wagombane kidogo tu, usije ukachoka kukaa bure. Kalamu zetu ulizo nazo, baki nazo. Ile tuliyotia nayo sahihi tarehe 11 Julai, Meru, niliiona umeiacha mezani kwangu. Hiyo nitakaa nayo mimi.