Nilivyokwenda Kamenge Kutafuta Cheti cha Kifo cha Nyumba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe huku mbele, na asifiwe kule nyuma kwa mlioketi karibu na mlango mkichungulia saa. Msiogope, nitamaliza kabla ya muda wa kufungiwa majumbani. Najua, mwalimu wa chuo kikuu akipewa dakika chache huzigeuza muhula mzima. Lakini leo nina ushuhuda mmoja tu.

Mlimzika pamoja nami mke wangu Jenerosa, muuguzi. Aliuawa na ugonjwa wa sukari, si risasi. Siku hizi mjini kwetu watu wakisikia hivyo hushusha pumzi, utadhani sukari ni neema. Makaratasi yote ya nyumbani yalipita mikononi mwake. Mimi niliandika makala kuhusu serikali. Yeye ndiye aliyepanga foleni huko serikalini.

Alipofariki, binti yetu Nadine alikuwa shule ya uuguzi, na ada yake ilingoja pensheni ya mama yake. Watu wa mfuko wa pensheni wakaniambia: tutalipa, ila lete kwanza cheti cha ofisi ya kodi kwamba marehemu hadaiwi. Nikaenda nikitabasamu. Jenerosa, adaiwe!

Karani wa kodi, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akapekua faili. "Marehemu ana nyumba Kamenge. Kodi yake haijalipwa tangu muhame."

"Nyumba haipo, mama. Ilichomwa."

"Uliiona?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mutu hana sahihi, papa. Muke yako alikufa, umeleta cheti. Nyumba nayo kama imekufa, leta cheti. Shefu wa mtaa asaini."

Ndugu zangu! Cheti cha kifo cha nyumba! Nilitoka nimeduwaa, nikasimama uani pa ofisi ile nisijue nielekee wapi.

Maana mnajua ilivyokuwa. Mji huu uligawanyika, watu wa namna hii huku, wa namna ile kule, na sisi tulikuwa wa namna isiyotakiwa Kamenge. Tulikimbia asubuhi moja na godoro juu ya kichwa, hadi mtaa wa Mutanga Sud. Baadaye wakaja watu wakasema mtaa mzima umeteketea. Niliamini. Niliandika hata makala ndefu juu ya jivu la nyumba yetu, ikawaliza wasomaji. Jenerosa aliisoma akasema, "Umelia vizuri. Lakini nyumba yangu hukuiona." Alitaka kwenda kuitazama. Mimi nikakataa mpaka akafa.

Nikamweleza Nadine kwamba tuiache hiyo pensheni, Kamenge hapaendeki.

"Kama unaogopa, papa, mi nitaenda."

"Huendi!"

"Basi tutakula makala yako?"

Ndugu zangu, nilipiga magoti. Mimi niliyezoea kuwanong'onea wenzangu kwamba katika maombi mnapiga kelele mno, nilipiga kelele. Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Magoti yaliuma, basi. Lakini asubuhi nilikuta miguu yangu imekwisha kuvaa viatu.

Shefu wa mtaa kule Kamenge alinitambua kabla sijafungua kinywa. "Mwalimu! Hapa tulisema umeenda Ubelgiji!"

"Niko Mutanga."

"Mutanga!" Akashika kiuno kwa kicheko. "Mutanga si ni hapo? Miaka yote hii, kumbe ulikimbia mpaka hapo!"

Nilipomwambia haja yangu, kicheko kikakatika. "Nikuandikie kama nyumba imekufa? Kuja."

Tulipita magofu kulia na kushoto, nyasi zimeota vyumbani mwa watu niliowajua. Na mimi, Mungu anisamehe, kila gofu lilinipa tumaini. Nikajiambia: cheti hicho kinakaribia.

Tukakata kona. Nyumba yangu ilikuwa imesimama!

Mabati juu. Pazia dirishani. Jivu langu mashuhuri lilikuwa limepakwa chokaa! Hasira ikanipanda: nani yumo? Nikabisha hodi kwa sauti ya mwenye mali.

Aliyeitikia ni mtoto mchanga. Alilia kilio kile kikali cha mtu anayeionja hewa kwa mara ya kwanza.

Akatoka Mama Zaina, mke wa fundi cherehani, jirani yetu Mwislamu, mikono imelowa hadi viwikoni. Huyu nilimhesabu miongoni mwa waliotuchomea nyumba.

"Mwalimu! Ngojea hapo inje, apana ingia na viatu! Mutoto ndiyo amefika sasa hivi."

Nikangoja nje ya nyumba yangu, kando ya baba wa mtoto.

Aliponikaribisha, nikamwona mama wa mtoto amelala palipokuwa kabati langu la vitabu. Mama Zaina akanieleza. "Muke yako aliniachia mufuko yake ya kuzalishia asubuhi ile muliyokimbia. Akasema, wamama watazaa tu, vita ao apana vita. Barabara ya hospitali ikifungwa, watazalia wapi? Nikahamia humu."

"Na waliokuja kuchoma?"

"Walikuja na petroli. Nikawaambia, muke ya mumoja wenu yuko ndani anazaa. Wakakaa hapo ukutani, wakangojea."

"Alikuwemo kweli?"

"Alikuwemo! Mungu alimupangia saa. Alhamdulillah."

"Mbona hukuniletea habari?"

"Ningeleta wapi? Ubelgiji?"

Shefu akacheka tena, kisha akatoka mlangoni akaita kwa nguvu, "Jenerosa!"

Jina la mke wangu liliitikiwa! Vitoto vya kike vilikuja mbio, kimoja kutoka ua huu, kingine kutoka ua ule, vumbi miguuni, vyote vikiuliza nani ameita. Wote walizaliwa humo. Nililia, ndugu zangu, na safari hii sikuandika makala.

Shefu akatoa kalamu, akaninong'oneza, "Mwalimu, ukitaka bado, nitakusainia kama imekufa. Nani atakuja kuangalia?"

"Andika iko hai."

Nikarudi kwa yule karani. "Nyumba imekufa?" akauliza.

"Haijafa, mama. Inazaa."

Akavua miwani. "Basi utalipa."

Nililipa. Nilikopa kwa shemeji, nikalipa kodi yote, na pensheni ilipotoka deni lake likaila nusu. Lakini Nadine yuko shuleni, na Jumamosi huenda Kamenge kumsaidia Mama Zaina. Mimi humbebea mfuko, na bado navua viatu mlangoni.

Namshukuru Mungu aliyeniondolea hofu iliyonifanya nimnyime mke wangu kuiona nyumba yake. Namshukuru kwa ajili ya mwanamke anayesali akielekea Makka, aliyeilinda nyumba yangu wakati mimi namlaani.

Na wewe uliyeketi hapa na jivu lako moyoni, jivu uliloambiwa tu, mwamini Bwana, inuka, ukabishe hodi. Mimi nilibisha nikidai cheti cha kifo, na aliyeniitikia hakuwa amemaliza hata saa moja duniani.