Chumba Yenye Tulilomba kwa Bafadhili

Bamama wa shirika ya parokia, jambo yenu wote. Munasikia sauti yangu iko chini. Haiko woga. Njo sauti yenye ilibakia, munivumilie.

Miye niko bibi ya mutumishi wa mugodi ya shaba, tunaikala hapa Katuba. Mvua ikianza nilikuwa ninalima shamba kule Annexe, inje ya mji, mahindi na maharagi, juu mushahara ya bwana haikufika mwisho ya mwezi. Siku moja, jua ikiwa kati ya mbingu, mwanaume mumoja alinikuta mule mu mahindi. Tulikuwa tunasalimiana naye. Jina yake sitaitaja. Alinikamata kwa nguvu. Bamama, munaelewa ile ninasema, na sitapita hapo.

Kisha nikaokota jembe, nikarudia nyumbani. Nikapika bukari ya unga, nikapakulia batoto, nikaosha masahani. Sikulia. Ndugu zangu, ninawaambia ukweli, nilikuwa sawa muntu mwenye anaangalia mikono ya mwingine ikitumika.

Bwana yangu aliporudia ku kazi nilimwambia. Akavua viatu ya kazi. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ibakie vile. Bantu batanicheka ku kazi."

Hakunipiga, hakunifukuza. Alianza tu kulala mu chumba ya batoto.

Ku polisi nilienda peke yangu. Mukubwa mumoja aliniuliza kama yule mwanaume nilikuwa ninamupenda. Benzake bakacheka. Nikatoka.

Tumbo ilikuwa inaniuma, nikaenda ku dispensere. Mule kulikuwa mama mukunga. Munamujua, batoto benu mingi balipita mu mikono yake. Alinipima, akaenda kufunga mulango.

"Mama, hii kidonda haikutoka kwa bwana yako."

"Hapana."

Hakuongeza ulizo. Akapasha maji, akanipa dawa, akaniacha nilale pale mpaka mangaribi. Nililala bila kuota kitu.

Nikawa ninarudia kumusaidia kufagia, juu nyumbani sikuwa na muntu wa kusema naye. Njo nikaona siko peke yangu. Alikuwa anabapokea bengine mu kachumba kenye balikuwa banaweka makuni. Mama mujane. Bibi ya muntu mukubwa wa mu mji. Dawa alinunua na mushahara yake mwenyewe, na safari ya kwenda opitali vilevile alilipa yeye. Siku moja binti wa masomo alifika, dawa ilikuwa imekwisha. Mukunga akamwambia arudie kesho. Hakurudia tena. Tulimutafuta kwao, bakatuambia alitumwa kijijini, na mulango ikafungwa. Mukunga aliikala chini mu yale makuni, akasema, "Peke yangu siwezi tena."

Padri akatuambia kuko bafadhili ya Ulaya wenye banasaidia miradi, ofisi yao iko mu mji. Tuandike dosye ya kulomba musaada, kwa Kifaransa. Tukaandika wawili, mukunga na miye, padri akasahihisha. Kisha bakatuita tujieleze.

Nyuma ya meza kulikuwa mabwana bawili na mama mumoja. Bwana mwenye miwani alisema kwa upole, hata sikumuchukia.

"Citoyennes, bamama, kazi yenu iko muzuri. Lakini haya mambo, bakubwa hawatapenda kuyasoma. Mubadilishe kichwa ya dosye tu. Muandike 'masomo ya kushona', nitatia sahihi leo."

Leo! Mukunga akaniangalia. Ninawaambia, nilitaka kusema ndiyo. Kushona ninajua.

"Na dawa tutanunua na nini?" mukunga akauliza.

"Franga itakuwa ya mashini ya kushona, mama."

Yule mama wa pembeni akasema, "Basi mutupe majina ya hawa banamuke. Bila majina tutajuaje kama ni kweli?"

"Majina, hapana," mukunga akajibu. "Balinifungulia roho juu nilibaahidi kunyamaza."

Bwana mwenye miwani akaanza kufunga dosye yetu. Njo nikasimama. Sikupanga kusimama.

"Mumoja iko hapa," nikasema. "Ni miye."

Nikabaelezea shamba, yule mwanaume, polisi, bwana yangu. Nilisema sawa muntu mwenye anataja bei ya sukari mu soko. Sikutetemeka. Yule mama aliweka kalamu chini. Nikamaliza, nikaikala. Sikusikia haya, sikusikia furaha.

Balikubali nusu. Gari tulilomba, hapana. Mushahara ya mukunga wa pili, hapana. Dawa, ndiyo, na chumba ya kujenga nyuma ya dispensere, ndiyo, na kichwa ya dosye ikabakia vile tuliandika. Mukunga alilia, padri alipiga makofi. Miye nilienda kununua muhogo.

Bwana yangu alisikia kama nilisema mbele ya bantu. Alikasirika, hakula chakula yangu. Kisha Jumamosi moja nikamukuta nyuma ya dispensere, anachanganya udongo ya matofali pamoja na bajengaji. Akaendelea kukanyaga udongo. Nikamuletea maji, akakunywa.

Munaniuliza kama nimepona. Sijui. Siku chumba iliisha, nilikuwa ninafagia vumbi ya simenti, machozi yakatoka. Ya kwanza tangu kule shamba. Nikaacha fagio, nikalia mpaka yakaisha yenyewe, kisha nikafagia tena.

Asante kwa mama mukunga. Asante kwa padri, na kwa yule mama wa mu ofisi mwenye aliweka kalamu chini. Asante kwa bwana yangu, juu ya matofali. Na miye nilijifunza hii moja: ukilomba musaada, usifiche kidonda chini ya kikwembe ya muzuri ya kujifunga. Batakupa kikwembe ingine, kidonda itabakia.

Kama kuko mumoja hapa katikati yetu, asinyanyue mukono. Aikale vile anaikala, aimbe na sisi, arudie nyumbani. Chumba iko nyuma ya dispensere. Kesho asubuhi miye njo nitafungua mulango, na jina yake sitamuuliza.