Shangazi, Karai na Boksi la Majani

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba, Shangazi anavua aproni. Imetimia miaka ishirini na sita tangu aage kwao akaja kusimama mbele ya karai la duka hili. Jumatatu duka litajua lilikuwa likiuza nini.

Shangazi si shangazi wa mtu yeyote hapa. Jina alipewa na wateja, na meneja humwita hivyo anapotaka kitu.

Alipoanza, duka lilikuwa dirisha moja na chakula kimoja: chipsi, zimefungwa kwenye gazeti la jana. Mteja alikula, akasoma matokeo ya mpira, akaenda zake ameshiba tumbo na kichwa. Kisha watu wakastaarabika. Walitaka kuku wa kwenye ndoo. Walipochoka ndoo, wakataka mkate wenye nyama usioingia mdomoni, wa kuliwa kwa kupigana nao. Baadaye wakautaka huohuo bila mkate. Shangazi alipika vyote bila kinyongo. Uvumilivu ulimwishia mara moja tu, kijana mmoja mwenye viatu vya kukimbilia alipoagiza chipsi zisizoguswa na mafuta. Alimfungia kiazi kibichi, kimeoshwa vizuri, akamwambia, "Kula mwanangu, hicho hata moto hakijauona."

Miaka mitatu iliyopita meneja alirudi kutoka semina na habari njema: watu wa siku hizi hawali tena, wanajitunza. Chipsi zikafutwa ubaoni. Likaja boksi la majani ya saladi, na vipande viwili vya karoti kwa heshima. Karai lilibakizwa kwa chakula cha wafanyakazi tu, maana afya zetu sisi hazikutajwa kwenye semina.

Wiki ya kwanza majani yalinyauka yakitungoja tuyatupe. Wiki ya pili fundi viatu wa jirani aliinama dirishani akanong'ona, "Shangazi, kwani nyie mnakula nini humo ndani? Harufu hiyo si ya kabichi." Shangazi alimhurumia. Alichukua boksi, akalijaza chipsi, akazifunika kwa majani. Kesho yake fundi alikuja na wenzake. Haukupita mwezi, hata watu wa benki wenye tai walikuwa wanaagiza "majani, lakini ya Shangazi."

Mauzo ya majani yakapanda. Mwenye duka akampa meneja cheti. Meneja naye alishangaa jinsi watu tisa tunavyomaliza magunia ya viazi, akabandika tangazo jikoni la kutuasa tuache ulafi. Tulilisoma kwa unyenyekevu. Mimi ninayeosha vyombo, niliyezidi kukonda tangu nifike kwenye mji huu wa watu, niliitwa ofisini peke yangu.

Sasa meneja ametangaza kwamba Shangazi akiondoka, chakula cha wafanyakazi kinaondoka naye. Duka litabaki na majani matupu, yale yaliyotuletea sifa. Alimuuliza Shangazi angependa zawadi gani, akajibu karai. Meneja alicheka, akasema achukue na chujio lake. Karai limeshasuguliwa linang'aa, liko kibarazani kwake, ng'ambo ya barabara, linatazamana na dirisha letu. Jumatatu anawasha jiko.

Shangazi, sisi tuliotoka mbali ulitulisha kabla hujatuuliza majina. Asante. Tunakuombea miguu isiyovimba, mafuta yasiyopanda bei, na wateja wasiokwenda semina. Nawe meneja, uliyesema huna haja ya kuyapitia maandishi haya ya kumuaga Shangazi kabla hayajachapwa, pole.

Mimi kesho naondoka kwenda nyumbani kwa likizo. Nitarudi tarehe tano Januari. Nikifika kwenye barabara hii nitaangalia kwanza foleni iko upande gani, ndipo nijue vyombo vya kuosha viko wapi.