Jina Alitakalo Swafia

BADAWI: Haloo? Nipe mwalimu Lennox! Mwambie ni habari ya Jumanne ile, tarehe kumi na tano Oktoba, alipoondolewa skuli Mombasa.

LENNOX: Ndiye mimi. Nani mwenzangu?

BADAWI: Badawi. Babake Swafia.

LENNOX: Mzee Badawi! Shikamoo. Simu yakwaruza, paza sauti.

BADAWI: Marahaba. Niko kwenye kibanda cha simu hapa Biashara Street, nimeacha robota la kanga mlangoni mwa duka la tajiri wangu. Tangu siku ile—

LENNOX: Yale yamepita, mzee.

BADAWI: Yamepita kwako! Swafia hajafungua kitabu. Na mtihani wa darasa la nane ni wiki ijayo.

LENNOX: Swafia? Aliyekuwa wa tatu?

BADAWI: Wa tatu baada ya repu yako, hizo nyimbo za kufoka. Kabla yake alikuwa akivuta mkia. Wajua mimi sikuipenda? Nilisema, kijana huyu ana wazimu, historia gani ya kufokewa kama ugomvi wa sokoni! Kisha namsikia mtoto aosha vyombo, apiga sufuria: "Elfu moja mia tano tisini na tatu, Mreno kajenga ngome, hakutuuliza watu!" Mimi niloishia darasa la pili, nabeba robota naimba mwaka wa Mreno!

LENNOX: (anacheka) "Mwarabu kabisha hodi, mizinga ikanguruma, miaka karibu mitatu, ndani njaa yauma."

BADAWI: Huo sijausikia.

LENNOX: Aliutunga Swafia mwenyewe.

BADAWI: Hakunambia. Sasa hatungi kitu. Mwalimu mpya alimsikia akiuimba wimbo huo chini kwa chini, akamcharaza mikono. Chuoni, kwenye Kurani, sisi tulisoma alifu-be-te kwa kuimba, tukitikisa vichwa, na maalimu wetu hakuna alomwita mhuni... Wee bwana huko nyuma, ngoja zamu yako! Ni jambo la skuli!

LENNOX: Haloo? Wakatika, mzee.

BADAWI: Nasema, Swafia anishika kanzu. "Baba, nambie nani alomfukuza mwalimu, ndipo nitaingia kwenye mtihani." Basi nipe jina nikampe. Ni mwenyekiti wa kamati? Ni yule mkaguzi mwenye tumbo? Wakubwa hawa, watoto wao hawasomi na wetu—

LENNOX: Mwambie asome tu. Mwambie nimesema mimi.

BADAWI: Jina, mwalimu! Ofisini waniambia ati wazazi ndio waloandika barua. Wazazi gani? Mimi si mzazi?

[Mkwaruzo.]

BADAWI: Barua uliiona?

LENNOX: Nilionyeshwa. Ati nawafundisha watoto uhuni wa Marekani.

BADAWI: Walotia sahihi?

LENNOX: Kama ishirini. Na... mzee, tuyaache.

BADAWI: Na nini?

LENNOX: Na dole gumba moja.

BADAWI: La nani?

LENNOX: Hii simu—

BADAWI: Simu yasikia vizuri! Dole... Mwenyekiti alikuja dukani kwa tajiri na karatasi. "Badawi, ni ya madawati, wenzio wote washatia." Robota liko begani. Nikatia. Wino nikaufuta kwa kipande cha kanga.

LENNOX: Najua hukusomewa.

BADAWI: Msomaji wangu alikuwa mke wangu, Mwanarusi. Tangu nimzike, kila karatasi naambiwa tu. Jina langu waliliandika kando?

LENNOX: Waliliandika.

BADAWI: Na wewe ulijua tangu unisikie sauti. Ukaniamkia shikamoo.

LENNOX: Wewe ni mzee wangu.

BADAWI: Wao ndio waloandika! Mimi nilitia dole tu! Watu wana kalamu, wana gari, wana vyeo, waja kumtafuta hamali awape dole!

LENNOX: Kweli, mzee.

BADAWI: Usinambie kweli! Nitukane!

LENNOX: Siwezi.

[Mlio wa simu kudai sarafu.]

BADAWI: Nimetia ya mwisho. Mwalimu, upesi. Saa hizi ashatoka skuli, yuko barazani aningoja na swali lake. Nikimwambia ni babake, ataingia kwenye mtihani?

LENNOX: Mzee, sikiliza. Swafia namjua. Wewe mwa—

[Tuu, tuu, tuu.]

BADAWI: Mwalimu? Haloo? Nimwambie, ama nisimwambie?