Rudisheni Keria

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mlangoni, na wewe Alfred laza hiyo simu kifudifudi, sitaki kurekodiwa. Mtu akijua anarekodiwa huanza kusema kama mgeni rasmi, na mimi nataka kusema kama mama yenu. Joyce, niinulie mto. Hapo. Sapit, kaka yangu, vuta kiti uingie ndani, usikae mlangoni kama mtu aliyepita tu kuomba maji. Wewe ndiye shahidi wangu, na nimekuita makusudi ili hawa wawili wasije wakasema mama alikuwa anaweweseka. Siweweseki. Moyo umechoka na miguu imevimba, lakini kichwa kiko palepale, na kutoka hapa kitandani naiona baiskeli yangu imesimamishwa miguu juu pale barazani, inang'aa kama sufuria ya harusi, na nakiona wazi kilichopungua.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ya Masanze ni ya Joyce, kwa sababu yeye ndiye aliyeipaka chokaa na kupigana na mchwa wake miaka yote hii. Vyumba vya kupangisha kule Mikumi ni vya Alfred. Shamba ni lenu nyote wawili, na habari ya shamba nitairudia, msianze kutazamana. Siku ya kunizika msishone sare, msichapishe fulana zenye sura yangu, na atakayesoma wasifu wangu asome mfupi: alizaliwa, akasoma, akafanya kazi, akaolewa na Rafaeli, akaendesha baiskeli. Asithubutu kusema nilikuwa nguzo ya jamii. Nguzo hukaa mahali pamoja, mimi nilikuwa nashuka mlima.

Deni nina moja. Ile pampu ya baiskeli iliyoning'inia nyuma ya mlango ni ya Gaudiosa, anayekaa nyuma ya stesheni ya Kilosa. Aliniazima asubuhi ya mashindano, na kila nilipotaka kumrudishia alikataa: "Kaa nayo, Teresia, utaniletea siku utakayokuja umepanda ile trekta yako." Nami nikawa naenda kwa basi, na kwa bodaboda, na mwisho kwa gari la hospitali. Pampu irudi kwake. Nitawaambia irudi vipi.

Sasa zito. Nyinyi wawili hamjasalimiana tangu Pasaka. Mnadhani kwa kuwa nimelala basi na masikio yamelala. Nimesikia yote kupitia dirisha hili. Alfred unataka kuiuza baiskeli kwa yule mwenye hoteli Mikumi, aitundike ukutani juu ya kaunta, watalii wapige nayo picha wakisubiri chakula. Na unataka kuzungushia shamba uzio, nguzo za zege umekwishazileta. Joyce unataka ifunikwe turubai iwekwe stoo, asiiguse mtu. Ukamwambia mwenzio, "Utamuuza na mama?" Naye akakujibu, "Na wewe utamfunika mama turubai?" Nililia, halafu nikacheka, maana mlikuwa mnagombana kwa sauti ya baba yenu, nyote wawili, ile ile ya puani.

Alfred, nianze nawe, na nianze kwa kukushukuru. Likizo yako yote umeimaliza ukichuchumaa pale barazani. Kutu yote umeisugua, giya umezitafuta mtandaoni mpaka ukapata za umri uleule, gololi umezibadilisha moja moja, na nilipoona mikono yako imejaa grisi mpaka kwenye viwiko nilifurahi kuliko siku ulipovaa joho. Lakini ulipofika kwenye keria ukaifungua, ukaitupa nyuma ya banda la kuku, na nilipokuuliza ukanijibu, "Mama, kiwandani haikutoka na keria. Ile inaishushia hadhi." Hadhi! Mwanangu, ngoja nikueleze hadhi yako ilitoka wapi.

Nilipomaliza chuo Morogoro nilipata kazi ya kumsaidia mtafiti mmoja Mholanzi, mwanamke mrefu kama mlingoti, aliyekuja Mikumi kuhesabu mashamba yaliyoliwa na tembo. Yeye ndiye aliyeileta baiskeli hii, na alipoondoka akaniachia. Hapa hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Matairi manene yenye meno, usukani umenyooka kama mpini wa jembe, giya zinazolia tik-tik. Watu waliniuliza inatumia petroli au dizeli. Wakaiita trekta. Aliniachia na majarida yake, na humo niliona picha za watu wazima, wanawake kwa wanaume, wakishuka mlimani na matope mpaka kwenye meno, wanacheka. Nikamwonyesha bibi yenu. Akazitazama sana, akauliza, "Wanamkimbia nani?" Nikamwambia hawamkimbii mtu, mama, ni mchezo. Akaizunguka baiskeli yangu mara mbili kama anayenunua mbuzi, akaweka mkono pale nyuma ya siti, mahali patupu, akaniuliza, "Na mimi nitakaa wapi?"

Hakuwa anatania. Kwake yeye hiyo ilikuwa baiskeli iliyoibiwa nusu. Akanipeleka kwa Ditram, mchomeleaji, na Ditram akachukua vyuma vya kitanda kilichovunjika akatengeneza keria nene, nzito, mbaya, ya kubebea gunia la mahindi na mtu juu yake. Nilisononeka wiki nzima. Nilikuwa na baiskeli ya mlimani pekee katika wilaya yote, na ilifanana na kitanda kinachotembea.

Lakini ile picha ya matope kwenye meno haikunitoka. Nikaanza kushuka kilima cha hapa juu. Kwanza nilishuka moja kwa moja, kama maji, nikaangukia mashamba ya watu. Siku moja huyu Sapit, kijana wa wafugaji wakati ule, mwembamba kama fimbo yake, alinikuta natoa miba kwenye goti, akaniambia, "Unashuka kama jiwe. Kwa nini hufuati ng'ombe?" Nikamtazama ng'ombe. Ng'ombe hashuki moja kwa moja, anaheshimu magoti yake. Anakata kona, anazunguka mti, anatafuta ardhi ngumu. Njia ile waliyoichonga ng'ombe wa baba yake Sapit, inayopita katikati ya shamba letu mpaka chini kwenye reli, ilikuwa ndiyo njia ya baiskeli nzuri kuliko zote nilizoziona kwenye yale majarida. Nilipoishuka mara ya kwanza bila kuanguka nilipiga kelele mpaka mbwa wa Masanze wote wakaniitikia.

Basi vijana wakaona, wakataka. Kila jioni kilima kilijaa baiskeli nyeusi za Foniksi, za baba zao, zilizotoroshwa. Wakagundua kuwa chombo kikiwa chepesi kinaruka, wakafungua madigadi, wakafungua kengele, wakafungua keria. Wazee wakachukia: kijana anayefungua keria ya baba yake alionekana kama anayeng'oa mlango wa nyumba. Ikafika Saba Saba, tukapanga mashindano, kutoka kileleni mpaka stesheni ya Kilosa, na mshindi angepewa beberu. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Na keria nilikuwa nayo peke yangu, kwa sababu bibi yenu aliapa kwamba nikiifungua nisirudi nyumbani. Yaani baiskeli pekee iliyotoka kiwandani bila keria ndiyo pekee iliyokuwa na keria siku ile! Na aliyecheka kuliko wote alikuwa kijana mmoja mtanashati kutoka Mvumi, kavaa soksi nyeupe. "Dada Teresia," akasema mbele za watu, "unashindana au unapeleka mahindi mashineni?" Nikamwambia, "Nikimaliza kukushinda nitapitia mashineni."

Huyo ndiye Rafaeli. Ndiyo, cheka Joyce, nimekuwa na hamu ya kusikia hicho kicheko.

Tuliondoka kwa vumbi. Sapit mbele, kwa sababu njia ilikuwa ya baba yake na aliijua hata usingizini; Rafaeli wa pili; mimi wa tatu, keria inalia nyuma yangu kama kabati la vyombo. Kwenye kona ya ule mti wa mtondoo Rafaeli hakufuata ng'ombe. Akataka kukata moja kwa moja ampite Sapit. Nilimwona anaruka hewani, soksi nyeupe juu, kisha kimya. Nilipofika alikuwa amekaa chini, bega limeteremka, Foniksi yake imejikunja kama chapati, na ananiambia kwa adabu kubwa, "Endelea tu, dada, mimi napumzika."

Nikamwambia panda.

"Nipande wapi?"

Nikamwonyesha keria.

Wanangu, baba yenu alikaa upande, kama bibi harusi, mkono mmoja umefungwa kwa kanga yangu na mwingine umenishika kiunoni, na hivyo ndivyo tulivyoshuka mpaka Kilosa. Tulipopita sokoni wakinamama wakapiga vigelegele, mmoja akaita, "Shikamoo, bibi harusi!" na Rafaeli, kwa maumivu yale yote, akaitikia, "Marahaba." Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Mwanamume anayeweza kuitikia vile, unaweza kuishi naye.

Sapit, usijifanye unakohoa. Najua unalotaka kusema, umelisema kila Saba Saba: "Wewe ulisimama, mimi nilienda. Mashindano ni kwenda." Sawa. Ulishinda. Nimelisema mbele ya watoto, sasa pumzika. Na yule beberu uliyepewa ulimleta kwenye harusi yetu ukamchinja mwenyewe, na tangu hapo nyumba yako na nyumba yangu hazijalala na kinyongo hata kipindi kile wakulima na wafugaji wa wilaya hii walipokuwa hawapitiani barabarani. Mlipita kwetu. Njia ile haikufungwa.

Joyce... maji. Kidogo tu. Asante.

Sasa sikieni ninayoyaagiza, maana pumzi haiko nyingi. Alfred, njia ya ng'ombe haimo kwenye urithi wako. Weka uzio huku, weka uzio kule, katikati acha wazi, upana ng'ombe wawili wapishane na mtu wa baiskeli. Sapit ameshuhudia. Baiskeli haiuzwi. Haitundikwi. Na wewe Joyce, haifunikwi. Nataka ichubuke. Nataka rangi hii nzuri ya kaka yako ipate mikwaruzo kwenye kona ileile ya mtondoo.

Ni yenu wote wawili. Si leo ya huyu kesho ya yule. Ya wawili kwa pamoja. Nikishazikwa, na matanga yakishaisha, mtaipeleka pampu kwa Gaudiosa. Sio kwa bodaboda. Kwa njia ya ng'ombe, kutoka kileleni mpaka stesheni. Joyce utaendesha, una mapafu ya kwangu. Alfred... utakaa kwenye keria. Upande. Kama baba yako. Usiseme una umri na cheo. Baba yako alikuwa na soksi nyeupe. Na watu wakiwasalimia, muitikie.

Nawaachia baraka, sina namna ya kuipamba. Mungu aliyenipa kilima na breki awape vyote viwili. Watoto wenu waanguke kidogo na wainuke haraka. Akianguka mmoja wenu, mwingine asiulize kosa la nani... asimame. Asimame tu. Na nyumba hii isikose mtu wa kuuliza atakaa wapi. Na wewe, Sapit... kaka... ng'ombe zako wazidi. Wapite.

Mbona mmekaa? Alfred. Nenda nyuma ya banda. Wafukuze kuku waliolala juu yake... usiipake rangi. Ilete hivyohivyo, na kinyesi chake. Spana iko hapa... chini ya mto. Niliificha, usije ukafungua na kitu kingine.

Joyce, mshikie mwenzio. Hapo. Shika chuma, yeye afunge nati. Msiongee... bado hamjazoea. Shikeni tu.

Nasikia. Hiyo ya kushoto bado... bado inacheza.

Kaza, mwanangu. Kaza vizuri. Itabeba mtu.