Maman Ursule Lotika na Misuli ya Akina Mama wa Lubunga

Wapendwa wa familia, wa chuo kikuu, wa mtaa, na ninyi mliovuka mto asubuhi hii, familia inawaomba tuketi kidogo, tusikilize njia aliyopita mama yetu, Profesa Ursule Lotika.

Alizaliwa Isangi tarehe 17 mwezi wa nane mwaka 1966, mtoto wa tatu wa Papa Basile, mvuvi, na Maman Nathalie, muuza samaki, akasoma shule ya msingi hapo hapo toka 1972 mpaka 1978, kisha tonton wake, mjomba Édouard, akamchukua Kisangani, akampa kitanda chake mwenyewe, yeye akalala kwenye mkeka miaka sita, mpaka msichana alipopata diploma mwaka 1984.

Chuo kikuu alisomea biolojia, akamaliza mwaka 1990, akaenda Ubelgiji kutafuta udaktari wa sayansi toka 1995 mpaka 1999, na wengi walipomuuliza kwa nini amerudi, alijibu tu kwamba kule samaki hana ladha.

Tarehe 25 mwezi wa saba mwaka 1992 alifunga ndoa na Papa Aristide Kasongo, fundi wa reli wa Lubunga, ng'ambo ya mto, Mungu akawapa Anne, Glodi na Doudou, na mama alipochelewa labo, yaani maabara, Papa Aristide ndiye aliyewaogesha watoto na kupika pondu, majani ya muhogo, majirani wakamcheka, mwishowe wakaja kumuuliza anatia nini ndani.

Kazi yake ilikuwa misuli ya kizazi. Mama akizaa kwa kupasuliwa, na akikubali mwenyewe, daktari alimpa Maman Ursule kipande kidogo cha msuli huo, kama punje ya haragwe, naye alikitundika kwa uzi ndani ya maji ya vuguvugu yenye chumvi na sukari, kikaendelea kukaza na kulegea peke yake, ndipo alipotonesha oksitosini, ile homoni inayouambia msuli umsukume mtoto, kisha ukaze ili damu ikatike. Hakuchukua kipande hata kimoja bila kurudi kwa mama yule na karatasi ya mashine, amwonyeshe jinsi msuli wake ulivyocheza.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 aliandika katika jarida kwamba misuli ya akina mama wa Lubunga waliozaa mara nyingi haisikii homoni, maana vipande vyao, alivyovijaribu kwa dawa iliyokuja pamoja navyo kutoka hospitali za uzazi za ng'ambo ya mto, vilibaki vimelegea. Lakini Jumanne tarehe 12 mwezi wa tano, Mama Khadija, aliyekuwa akiosha vyombo vya labo, alishika chupa ya dawa hiyo iliyotoka kuvushwa juani akamwambia, "Maman Ursule, hii iko moto kama imetoka jikoni." Maman Ursule akatoa chupa nyingine kwenye baridi ya frigo, dawa hiyo inakotakiwa kukaa, akatonesha, na msuli wa mama wa Lubunga ukakaza mpaka uzi ukakatika.

Zilibaki siku kumi kamati ya chuo kikuu ikutane kumpa cheo cha profesa kwa makala ile ile, na wenzake waliompenda wakamsihi asubiri siku hizo kumi tu, naye akawauliza ni wanawake wangapi watachomwa sindano iliyouawa na joto katika siku kumi, huku kila mtu akiamini kasoro ni yao. Siku hiyo hiyo aliandikia jarida: "Misuli ya mama hawa ni mizima. Dawa niliyotumia ilikuwa imeharibika, na kosa ni langu."

Cheo kilichelewa miaka minne. Yeye alivuka mto mpaka Lubunga, nyumba kwa nyumba, akawaomba radhi akina mama thelathini na mmoja waliompa vipande, na mmoja wao, Maman Nyota, akamwambia, "Kumbe niko muzima, na bwana yangu ananiita muchovu miaka yote," wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha aliwaomba wauza samaki wabebe dawa ndani ya masanduku yao ya barafu mpaka maternite, hospitali za uzazi za Lubunga na Isangi, wauguzi wakanung'unika kwamba chupa zinanuka samaki, ila hawakuzirudisha, maana damu ilikuwa inakatika.

Mwezi wa tisa mwaka 2024 moyo wake ulianza kuchoka, akatibiwa hapa hapa Kisangani, akawa anawauliza wauguzi habari za watoto wao kabla ya kusema anaumwa wapi, na Alhamisi tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Papa Aristide, akatuaga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kuni na maji bila kuitwa, wenzake wa labo, na Mama Khadija, ambaye marehemu aliandika jina lake katika kila makala baada ya siku ile.

Vijana waliopangwa kubeba sanduku watusamehe, maana akina mama wa Lubunga wamekuja wakiongozwa na Maman Nyota, wamesema misuli yao haina kasoro, nao ndio watakaombeba, na familia imekubali.

Pumzika kwa amani, Maman Ursule, wanawake wako wamekushika.