Si wa Kupungwa Pepo

Kina mama wenzangu, salamu mmeshapeana za kutosha. Mimi nianze na hasira, maana ndiyo iliyonisimamisha hapa.

Mume wangu alifariki kwa ajali ya bodaboda, hapa hapa Nguvumali. Tangu hapo, pikipiki ikifunga breki tu, moyo unanienda mbio, pumzi zinakata, naanguka. Wakwe zangu wakakata shauri: "Huyu ana jini." Tanga yetu hii, ukipiga chafya umerogwa! Wakanifukiza ubani mpaka macho yakavimba. Wakanipigia ngoma ya kupunga pepo, na ngoma ndiyo ikazidi kuniangusha. Wao wakashangilia: "Jini kishapanda!" Wallahi, ndugu zangu, nawaambia, ningekuwa na nguvu ningeipasua ile ngoma.

Kisha wakamchukua binti yangu, wakampeleka Moa kwa bibi yake. Eti asije akarithi jini. Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Nikaenda kliniki, muuguzi mmoja akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, wewe si wa kupungwa pepo. Wewe ukapunge upepo." Nikamkasirikia naye. Akanieleza: ndani ya ubongo kuna sehemu inayopiga king'ora cha hatari, na yangu imezoea kulia hata pasipo hatari. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu nyingine inayosaidia kuituliza. Ukikaa kimya ukafuata pumzi, mawazo yakitoroka ukayarudisha bila kujigombeza, hiyo ya kutuliza inapata mazoezi. Basi nikawa nakaa barazani kila asubuhi baada ya sala. Majirani: "Sasa anaongea nalo kimyakimya." Mfyuu!

Nilipoona nimepata nafuu, nikatuma habari kuwa naja, nikaenda Moa. Kumbe ngoma wameshaiweka uani, wananisubiri. Ikalia. Moyo ukaruka. Nikafuata pumzi, inaingia, inatoka, nikabaki wima.

"Shikamoo, mama. Nimemfuata mwanangu."

"Marahaba," mama mkwe akajibu, kabla hajajua anajibu nini. Jini gani huyo anayetoa shikamoo? Mpiga ngoma akacheka, akaacha kupiga. Nikaondoka na binti yangu.

Ahsante muuguzi wangu. Ahsanteni nyinyi mliokuja kukaa nami barazani, wenzenu wakipita wanatema mate. Mtu akianguka, mpelekeni hospitali, na mwanawe mwacheni. Nanyi mlionifukiza, mmo humu, mnajijua, mnangoja niseme nimewasamehe. Bado.

Binti yangu yule pale mlangoni. Siku hizi pikipiki ikipita, ananishika mkono kabla sijashtuka: "Mama, tupunge upepo."